Jirani Yangu na Muda wa Tume

Kama una kijana wako huku Dar es Salaam, anayeendesha bodaboda au kubeba mizigo Kariakoo, au una binti anayefanya kazi katika nyumba ya watu, basi habari hii ni yako kama ilivyo yangu. Nakuomba uisome polepole, na kama nyumbani kuna mzee asiyeona vizuri, umsomee.

Mimi zamani nilikuwa karani. Tangu nilipoacha kazi, majirani hunijia niwaandikie barua. Najua utasema, siku hizi kila mtu ana simu, barua za nini? Ni kweli, lakini neno likiwa zito watu bado hutaka karatasi. Barua ya kudai urithi, barua ya kumshitaki mwenye nyumba, barua ya kumwomba mwalimu mkuu amrudishe mtoto shuleni, hizo huletwa kwangu, na malipo yangu mara nyingi ni kikombe cha chai na maandazi mawili.

Jirani yangu wa ukuta wa pili ni mama mjane, mtu wa Mahenge. Mimi humwita dada, naye huniita kaka, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Alikuja Dar es Salaam na mtoto mgongoni. Mtoto yule akakua, akafikia miaka 23, akapata pikipiki ya mkataba, na kila jioni akamletea mama yake fedha ya kula. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, alitoka nyumbani saa sita mchana kumpeleka abiria. Mchana ule vijana waliingia barabarani katika sehemu nyingi za mji, vurugu zikaanza, risasi zikasikika, na jioni tukatangaziwa kwamba kuanzia saa kumi na mbili mtu asitoke nje. Intaneti ilikuwa imezimwa. Mama alimpigia mwanawe simu ya kawaida. Iliita mara mbili, kisha ikazima. Hakurudi.

Aliporuhusiwa kutoka, dada yangu alianza safari zake. Alikwenda hospitali moja, akaenda nyingine. Alikwenda katika kituo kimoja cha polisi, akaambiwa arudi kesho, na kesho akaambiwa arudi kesho kutwa. Alikwenda na chumba cha maiti, nami nilimsindikiza, nikabaki nje kwa sababu miguu yangu ilikataa. Hakumkuta po pote. Hana kaburi la kuliwekea msalaba, wala hana mtu wa kumpikia.

Jumapili moja alinijia baada ya Misa akiwa na elfu tano mkononi. Alitaka kutoa nia ya Misa kwa ajili ya mwanawe, lakini pale ofisini palikuwa na madaftari mawili, moja la wazima na moja la marehemu. Akashindwa kujua aandikishe jina katika daftari gani, akarudi na fedha yake. “Kaka,” akaniuliza, “wewe ungeandika wapi?” Sikuwa na jibu.

Sasa nikueleze jambo la tume. Tarehe 18 Novemba 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza Tume ya kuchunguza matukio ya wakati wa uchaguzi ule na baada yake. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na pamoja naye watu wengine saba, wastaafu wenye vyeo vikubwa. Mmoja wao alikuwa Bw. Said Mwema, aliyekuwa zamani Mkuu wa Jeshi la Polisi, na watu wengi walinung'unika juu ya jambo hilo, wakisema aliyevaa sare ile atawaulizaje wenzake. Tume ilipewa miezi mitatu. Wakati ule hesabu ya waliokufa ilikuwa haijatolewa na Serikali. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema ni mamia, na chama cha CHADEMA kilisema wanapita elfu moja. Maaskofu wetu nao mwezi huo huo walitoa tamko la kulaani mauaji.

Nilikwenda kwa dada yangu na habari hizi, nikadhani nampelekea furaha. Nikamwambia, dada, sasa pana mahali pa kusemea. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, “Kaka, wale wa kwetu Mahenge nao walipata tume. Walipata nini?”

Msomaji wangu wa Ulanga hana haja ya kuelezwa, lakini wengine mmesahau. Tarehe 14 Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge walikuwa hapa mjini kwa shughuli zao. Walikamatwa na polisi kule Sinza, pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa akiwaendesha, mtu wa Manzese. Baadaye wote wanne walikuwa maiti. Polisi wakatangaza kwamba hao ni majambazi, wameuawa katika mapambano ya risasi. Watu wa mji, na hata sisi tuliosoma magazeti, tulisema afadhali, majambazi wamepungua. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Nimeona aibu mara nyingi kwa neno lile.

Ndugu zao hawakukubali. Walisema hawa si wezi, tunawajua tangu utotoni, na fedha zao zilikuwa halali. Kelele zao zikafika juu, na Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa hajamaliza hata miezi miwili Ikulu, akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Tume ile ilikwenda, ikauliza, ikatazama mahali, na ikaonekana kwamba hapakuwa na mapambano yo yote ya risasi. Watu wale walipelekwa katika msitu wa Pande, upande wa Mbezi Luis, ambako wakati huo kulikuwa Wilaya ya Kinondoni kabla Ubungo haijakatwa, nao wakauawa humo. Hawakuwa majambazi. Walikuwa wafanyabiashara.

Nilimwambia dada yangu, basi unaona, tume ile ilisafisha majina yao. Bila ile wangezikwa wezi mpaka leo, na watoto wao wangeitwa watoto wa wezi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, “Endelea, kaka. Usiishie hapo.”

Nikaendelea, maana yeye anaijua habari kuliko mimi. Askari polisi kadhaa walishitakiwa, akiwamo Bw. Abdallah Zombe, aliyekuwa akishika kazi ya mkuu wa upelelezi wa mkoa. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru. Jaji alisema waliowaua watu wale hawakuwa mbele yake, akataka watafutwe. Serikali ikakata rufani. Mwaka 2016, yaani miaka kumi baada ya msitu wa Pande, Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mshitakiwa mmoja tu, Bw. Christopher Bageni, akahukumiwa kifo. Bw. Zombe akabaki huru. Ndiyo hesabu yenyewe: watu wanne waliouawa, tume moja, miaka kumi, mtu mmoja.

“Hiyo ndiyo tume,” dada yangu akasema, akaendelea na mchele wake.

Siku kadhaa maneno yake yalinikaa kichwani. Nilitaka kumjibu nikashindwa, mpaka nilipotambua kwamba nilikuwa nachanganya kazi mbili. Tume ya uchunguzi si mahakama. Chini ya sheria yetu ya tume, iliyotungwa tangu mwaka 1962, Rais huiteua, huiambia ichunguze jambo fulani, nayo hukusanya ushahidi na kumpelekea taarifa. Haiwezi kumfunga mtu hata siku moja. Uwezo wake ni wa kusema lililotukia na kulisema kwa sauti ambayo polisi peke yao hawawezi kuizima. Tume ya Jaji Kipenka ilifanya hivyo. Waliokuja baada yake, wapelelezi na waendesha mashitaka, ndio waliopoteza njia. Sasa kama kazi ya tume ni kusema lililotukia, swali kubwa ni hili: je, wenye kulijua watapata nafasi ya kuja kusema kabla mlango haujafungwa?

Hapo ndipo ninapotaka kuzungumza nawe juu ya muda.

Hesabu mwenyewe. Miezi mitatu kwa nchi nzima, kutoka Mwanza na Mara mpaka Songwe, mpaka Kinondoni na Temeke. Hapa Mbagala tu, yule aliyeona jambo ana mashaka na mwenyekiti wake wa mtaa, ana mashaka na mpangaji wa chumba cha pili, na mwingine ana mashaka na shemeji yake. Woga hauondoki kwa tangazo la redio. Huondoka pale mtu wa kwanza anapokwenda kusema, akarudi salama, akalala nyumbani kwake, akaamka. Ndipo wa pili huenda. Wa tatu huwaza wiki mbili. Mama mwenye mwana aliyepotea huwaza zaidi, kwa sababu moyoni mwake bado anaogopa kwamba, kama mwanawe yu hai mahali fulani mikononi mwa watu, kusema kwake kutamwua. Niambie, mama huyo utampa miezi mingapi?

Wapo wanaosema kuongeza muda wa tume ni kuongeza posho. Neno hilo nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia hata katika jumuiya yetu ndogo, na silidharau. Tumeona tume nyingi zikila na taarifa zikiingia kabatini. Lakini tazama Kenya. Februari 1990 Waziri wa Mambo ya Nje, Dk. Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukakutwa karibu na kilima cha Got Alila, umechomwa moto na una jeraha la risasi kichwani. Kwanza ilisemwa amejiua. Msomaji, mtu gani hujipiga risasi kisha akajichoma moto! Mpelelezi wa Kiingereza, Bw. John Troon, aliletwa kuchunguza, na mwaka huo huo ikaundwa tume ya hadhara chini ya Jaji Evans Gicheru. Mashahidi walikuja mmoja mmoja. Majina makubwa yakaanza kutajwa, ya mawaziri na ya wakuu wa Serikali. Novemba 1991 Rais Daniel arap Moi akaivunja tume, ushahidi wa Bw. Troon ukiwa bado haujaisha. Wakubwa wachache walikamatwa, wakaachiwa baada ya muda mfupi. Mkuu mmoja wa wilaya alishitakiwa, naye mwaka 1994 akaonekana hana hatia. Kamati ya Bunge ilijaribu tena miaka mingi baadaye, lakini mashahidi wengine walikwisha kufa na wengine wamechoka kukumbuka. Siku za posho zilizookolewa kwa kuivunja tume ile zimewagharimu Wakenya zaidi ya miaka thelathini ya kuulizana.

Na tazama Afrika Kusini. Katika jimbo la KwaZulu-Natal madiwani na wanasiasa wamekuwa wakiuawa kwa miaka mingi, na palikuwa na kikosi maalum cha polisi cha kuchunguza mauaji hayo. Tarehe 6 Julai 2025 mkuu wa polisi wa jimbo hilo, Jenerali Nhlanhla Mkhwanazi, akasimama mbele ya waandishi wa habari akiwa amevaa sare ya vitani, akadai kwamba kikosi kile kimevunjwa ili kuwalinda wahalifu, na kwamba waziri wake mwenyewe yumo. Polisi anawashitaki polisi! Rais Cyril Ramaphosa akaunda tume chini ya Jaji Mbuyiseli Madlanga. Ilianza kusikiliza watu Septemba, ikatoa taarifa ya mwanzo Desemba, na kwa kuwa mambo yalizidi kufunguka, muda wake ukaongezwa na kazi ikaendelea mwaka 2026. Sikwambii kwamba yote ni mazuri huko. Mwezi ule ule wa Desemba mtu mmoja aliyekuwa ametoa ushahidi kwa jina la Shahidi D alipigwa risasi nje ya nyumba yake, karibu na Johannesburg, akafa. Ukisikia hivyo unaweza kusema, basi afadhali wangefunga tume. Mimi nasema kinyume. Tume ingefungwa wiki ile, waliompiga risasi wangekuwa wamepata walichokitaka kwa bei ya risasi chache. Iliendelea, na wengine wakaja baada yake.

Lakini sitaki uelewe kwamba naomba muda mtupu. Muda wa kukaa hotelini hauna faida kwa jirani yangu. Naomba tume ipewe muda wa kufika Mbagala, Tandika, Tegeta na Kimara, ikae katika ukumbi ambao mama anaweza kufika bila nauli mbili, isikilize wengine faraghani na majina yao yafichwe, na mwishoni taarifa yote isomwe na watu wote. Kuongeza muda bila kutangaza taarifa ni sawa na kumwongezea mgonjwa siku za kulala hospitali bila dawa.

Na liko jambo jingine ambalo nafikiri ni kubwa kuliko miezi. Tume ile iliundwa kwa ajili ya mambo ya uchaguzi wa Oktoba. Lakini sisi wa Temeke na Kinondoni, hofu yetu haikuanza Oktoba. Agosti 2024 kijana Deusdedith Soka, kiongozi wa vijana wa CHADEMA hapa hapa Temeke, alitoweka pamoja na wenzake wawili. Chama chake kilisema aliitwa akachukue pikipiki yake iliyoibiwa katika kituo cha polisi cha Chang'ombe. Polisi walikana kuwa naye, na Mahakama Kuu ikayatupa maombi ya kutaka waletwe. Wiki tatu hazijaisha, tarehe 6 Septemba, mzee Ali Mohamed Kibao wa chama hicho hicho akashushwa na watu wenye silaha kutoka katika basi la Tanga, pale Tegeta, mbele ya abiria. Kesho yake maiti yake ikakutwa Ununio, na viongozi wa chama chake wakasema amepigwa na kumwagiwa tindikali usoni. Rais aliamuru uchunguzi. CHADEMA waliomba tume ya majaji. Na usiku wa tarehe 30 Aprili 2025 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, alipigwa mpaka akavuja damu nyingi, ndani ya makao ya Baraza, Kurasini.

Mimi si hakimu. Sisemi polisi ndio waliofanya haya. Polisi wenyewe wamekana kila mara, na miongoni mwao wamo vijana wa vijiji vyenu, watoto wa Misa na Ekaristi, wanaoona uchungu kama sisi. Lakini watu wanasema, na wanaendelea kusema, kwamba kuna mikono ya dola. Neno kama hilo likiachwa bila kuchunguzwa linamchafua hata askari mwema. Kama ni uongo, tume ipewe nafasi ya kuusema uongo huo. Kama ni kweli, basi Oktoba ilikuwa na mizizi, na mwenye kutafuta mizizi huchimba pale ilipo, hata ikiwa imepita chini ya ua wa jirani. Kwa hiyo naomba tume iongezwe pande zote mbili, urefu wa siku na upana wa mambo.

Sasa nikukiri kosa langu. Dada yangu, baada ya zile siku za kuchambua mchele, alibadilika. Jioni moja mwezi wa Desemba alikuja akasimama mlangoni, akasema, “Kaka, niandikie.” Hakusema zaidi. Nami, karani wa miaka thelathini, nikamwambia, “Dada, ngoja kwanza tuone mambo yanavyokwenda.” Nilimwambia karatasi zimekwisha. Zilikuwepo. Zilikuwa chini ya godoro langu, rimu nzima. Niliogopa mwandiko wangu usijulikane. Niliwaza juu ya wajukuu wangu, nikawaza juu ya wale wanaobisha hodi usiku. Akaondoka bila kulaumu, na wiki nyingi hakuja tena kunywa chai kwangu.

Kwa hiyo ninapokuambia kwamba watu wanahitaji muda, siwasemi wengine. Mimi mwenyewe, ambaye sikufiwa, ambaye sikuona lo lote, nilihitaji wiki saba kuinua kalamu.

Nilikwenda kwake usiku, nikachukua karatasi na kalamu mbili. Nilimwambia nilidanganya. Akasema alijua, kwa sababu aliwahi kuniona nikizipanga karatasi zile. Tukakaa chini ya taa, mlango umefungwa, redio imewashwa kidogo ili maneno yasitoke nje. Nikamwambia aeleze tangu asubuhi ile, pole pole, nami sitaongeza wala kupunguza. Alieleza saa aliyotoka, rangi ya pikipiki, namba yake, jina la abiria kama alivyolisikia, na mara ngapi simu iliita. Niliandika nakala tatu. Moja ni ya tume, hii au nyingine itakayokuja. Moja amempa mtu anayemwamini. Ya tatu ameikunja akaitia ndani ya kitabu chake cha sala.

Nilipokuwa nafunga kalamu, alinishika mkono. Alisema tumesahau kuandika kwamba alikuwa amevaa shati la kijani, na kwamba kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa cheupe, kwa sababu kile cha kijani kilipotea na yeye mama mtu ndiye aliyekishona. Nikafungua kalamu tena, nikaandika habari ya kifungo katika nakala zote tatu.